Kiporo cha Baba

Ndugu msomaji, wapo watoto ambao jina la baba huwatangulia katika kila nyumba wanayopiga hodi. Hupokewa kabla hawajajieleza, na wakikosea hupimwa kwa kipimo ambacho wenzao hawapimwi. Mmoja wao ni Fyodor Bondarchuk, mwongozaji wa filamu na video za nyimbo wa Urusi, aliyezaliwa Moscow tarehe 9 Mei, 1967.

Baba yake, Sergei Bondarchuk, ndiye aliyeongoza “Vita na Amani”, filamu ya sehemu nne iliyotokana na riwaya ya Tolstoy, ambayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1969 ikiwa filamu bora ya lugha ya kigeni. Mama yake, Irina Skobtseva, aliigiza humo. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuonekana pamoja katika “Othello” ya mwaka 1955, Sergei akiwa Othello na Irina akiwa Desdemona. Mwaka 1986 Sergei alipoongoza “Boris Godunov” na kuigiza mwenyewe kama mfalme, Fyodor alipewa nafasi ya mwana wa mfalme, na dada yake Alyona nafasi ya binti mfalme. Waliokuwa baba na wana nyumbani wakawa baba na wana mbele ya kamera pia.

Waswahili husema maji hufuata mkondo. Lakini yako maji ambayo huzunguka kwanza. Fyodor alisoma katika chuo cha filamu cha Moscow, VGIK, naye akaingia kazini wakati ambapo Muungano wa Kisovieti ulikuwa ukivunjika na fedha za kutengenezea filamu kubwa zikiadimika. Pamoja na Stepan Mikhalkov, naye mtoto wa mwongozaji mashuhuri, alianzisha kampuni ya Art Pictures, wakatengeneza video za nyimbo. Aliwapiga picha wanamuziki kama Natalya Vetlitskaya na kikundi cha Moralny Kodeks.

Yamkini utasema, msomaji, kwamba hiyo ni kazi duni kwa mtoto wa mtu aliyeongoza maelfu ya askari katika filamu moja. Mimi sioni hivyo. Wimbo ni wa dakika tatu au nne. Picha isiyo na kazi huonekana mara moja, na mwenye kulipa anangoja mlangoni. Humo kijana hujifunza kuupanga mwanga, kuusoma uso wa mtu na kumaliza kazi kwa wakati. Tena hakuna anayemwuliza kama baba yake angefanya vivyo hivyo.

Filamu yake kubwa ya kwanza, “Kombania ya 9”, ilitoka mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 38. Inahusu vijana wa jeshi la Kisovieti nchini Afghanistan, na chanzo chake ni mapigano ya mlima 3234 ya Januari, 1988. Watu walijaa kuitazama. Hata hivyo, katika mapigano yenyewe walikufa askari 6 kati ya 39, ilhali katika filamu karibu wote wanakufa. Waliopigana huko walikuwa na haki ya kunung’unika. Na katika “Stalingrad” ya mwaka 2013, mkono wa video za nyimbo unaonekana waziwazi: hata majivu huanguka kwa madaha. Kwa maoni yangu, uzuri huo umezidi mahali pa huzuni.

Lakini kazi iliyonifanya nimzungumzie leo ni nyingine. Miaka ya 1992 na 1993, Sergei alipiga picha za “Don Mtulivu”, kutokana na riwaya ya Sholokhov, kwa fedha za mtengenezaji wa Italia. Mwingereza Rupert Everett aliigiza Grigori, yule Kosaki, na mazungumzo yakawa ya Kiingereza. Kampuni ikafilisika, mikanda ikafungiwa katika benki huko Italia, na Sergei akafariki tarehe 20 Oktoba, 1994 bila kuiona kazi yake ikiwa kamili.

Zaidi ya miaka kumi ikapita kabla mikanda hiyo haijarudi Urusi. Fyodor ndiye aliyeikamilisha. Hebu fikiri, msomaji, maana ya kukaa chumbani na kiporo cha namna hiyo. Onyesho lililopungua haliwezi kupigwa upya. Dada yake Alyona yumo, katika nafasi ya Natalya mke wa Grigori, akiwa bado na sura ya miaka ile. Na aliyejua kwa nini kamera iliwekwa hapa na si pale hayupo wa kuulizwa.

Filamu ilionyeshwa kwa sehemu katika televisheni ya Urusi mwezi Novemba, 2006. Wengi hawakuridhika. Walimwona Everett kuwa mgeni mno kwa nafasi ya Kosaki, wakaikumbuka ile ya Sergei Gerasimov ya miaka ya 1950. Fyodor, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amejipatia sifa zake mwenyewe, angeweza kuiacha mikanda ile kabatini na hakuna ambaye angemlaumu.

Mama yake aliishi akaiona imekwisha. Naye alifariki mwaka 2020, tarehe 20 Oktoba, siku ile ile aliyofariki mumewe.