Utamaduni Hauna Ngumi

Jamani, tuache uvivu wa kufikiri. Kila yakizungumzwa mambo ya Walatino wa Marekani, wale wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na kwingineko, na wanawake wao kupigwa na waume zao, utamsikia kijana msomi kabisa, ana kalamu mfukoni, anatamka: "Aa, hao ndivyo walivyo bwana. Wivu na ubabe vimo kwenye damu." Amewajulia wapi? Kwenye tamthilia za Mexico, mle ambamo kofi na busu hupokezana hadi sehemu ya mia! Mimi sikubali.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi wa nchi nzima, ikawauliza wanawake kama wamewahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mume au mpenzi. Waliojibu ndiyo ni kama 37 katika kila Walatino 100, na kama 35 katika kila Wazungu 100. Haya, niambie: kama Mlatino anapigishwa na mila, Mzungu anapigishwa na nini? Mgeni akikosa, eti kosa ni la kabila zima. Mwenye nchi akikosa, kosa ni lake peke yake!

Lakini wapo wa upande wa pili, nao siwaachi. Hao husema ya nyumbani yabaki nyumbani. Walatino wana msemo kwamba nguo chafu hufuliwa nyumbani. Sisi tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Sawa, na mtungi ukipasuliwa je? Mila inayomtaka mwanamke anyamaze ili jina la ukoo lisichafuke si mila, ni kifuniko.

Hapo ndipo wakubwa wa maofisini huja na dawa yao. Chukua kijitabu cha Kiingereza, kitie Kihispania, bandika picha ya mama mwenye shali, basi, kimefuata utamaduni! Ndani kimeandikwa: mwache, piga simu polisi. Wewe mwandishi, hebu kaa kwenye kiti cha msomaji wake. Hana karatasi za ukaazi. Mume anamwambia kila siku: ukisema tu, utarudishwa kwenu, watoto watabaki. Sheria ya mwaka 1994 ilimruhusu mke anayeteswa na raia au mkaazi halali ajiombee karatasi bila kumtegemea mume. Na mume naye akiwa hana karatasi? Mwaka 2000 ikaja viza ya waliotendewa uhalifu wakakubali kuwasaidia polisi, lakini hutolewa 10,000 tu kwa mwaka, na foleni yake ni ya miaka. Kijitabu kimemweleza hayo, kwa maneno anayoyaelewa? Thubutu!

Sasa tazama Atlanta. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Julia Perilla alianzisha Caminar Latino. Ilianza na wanawake, na ni wao waliosema watoto na waume zao nao wahudumiwe. Hawakutaka familia ife, walitaka kipigo kife. Basi wanawake wakawa na kikundi chao, watoto chao, wanaume chao. Na mwanaume hapewi pole, anaulizwa alichokifanya. Kule California, wanawake vibarua wa mashambani waliunda Líderes Campesinas mwaka 1992, kibarua akazungumza na kibarua mwenzake, si bosi na mteja. Na tangu 1988 mtandao wa National Compadres huwakalisha wanaume chini na kuwauliza: mwanamume muungwana ni yupi? Ni yule anayetimiza neno lake. Umeona? Heshima ile ile iliyotumika kumziba mke mdomo inageuzwa kumfunga mume mikono.

Hiyo ndiyo maana ya kufuata utamaduni. Si kutafsiri, ni kusikiliza kwanza. Utamaduni hauna ngumi. Ngumi ni ya mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

Nanyi mnaotaka kuitwa waandishi, hili lawahusu. Walatino wamepeleka onyo hili hata katika hadithi za picha, kama zile ambazo wazee wetu walizisoma katika jarida la Film Tanzania. Kwa nini? Kwa sababu huko ndiko msomaji aliko. Sisi tunapokea vijitabu vya tafsiri vyenye Kiswahili cha mbao, halafu tunashangaa vinafungiwa maandazi!

Kwa hiyo ukiandika hadithi ya mume anayepiga, awe wa Chicago au wa Manzese, usiniandikie kwamba mila ndizo zilizomponza. Mpe jina. Mpe mkono wake mwenyewe. Na usimsahau jirani aliyesikia kilio, akaongeza sauti ya redio.