Goti la Mwanafunzi Si Mali ya Chuo

Katika semina yangu ya maadili na sera za umma kuna swali moja ninaloliuliza kila mwaka, na kila mwaka hulipasua darasa katikati. Mwanafunzi wa chuo kikuu, mchezaji hodari wa mpira wa kikapu, ameumia goti. Msimu haujaisha, timu yake inawania ubingwa, na mbele yake kuna mkataba wa mamilioni iwapo atafika mwisho wa mwaka akiwa mzima. Je, arudi uwanjani au akae pembeni? Safari hii nusu ya darasa ilisema arudi. Kijana mmoja alihitimisha kwa sauti ya hakimu: "Dokta, asiyekubali kuumia kwa ajili ya wenzake asivae jezi." Wenzake wakampigia makofi. Makala hii ni jibu langu kwa makofi hayo.

Swali hilo sikulitunga. Tarehe 20 Februari 2019, Chuo Kikuu cha Duke kilikutana na mahasimu wao wa North Carolina, na Barack Obama alikuwa miongoni mwa watazamaji. Haikutimia hata dakika moja ya mchezo, Zion Williamson, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akitazamwa na Marekani nzima, akateleza. Kiatu chake cha Nike cha mguu wa kushoto kilipasuka, na goti lake la kulia likateguka. Duke wakafungwa pointi 88 kwa 72. Kuanzia kesho yake nchi ile ikaingia katika mjadala: je, arejee? Tangu mwezi mmoja kabla ya ajali, Scottie Pippen, bingwa wa NBA mara sita akiwa na Chicago Bulls, alikuwa amekwisha kumshauri hadharani apumzike na kulinda mustakabali wake. Wengine wakajibu kwamba kuondoka katikati ya msimu ni usaliti kwa timu, kwa kocha na kwa chuo kilichompa ufadhili.

Zion alichagua kurudi. Tarehe 14 Machi aliingia uwanjani dhidi ya Syracuse, akarusha mipira 13 na yote 13 ikaingia kikapuni, akamaliza na pointi 29. Duke walitwaa ubingwa wa kanda yao, kisha wakatolewa na Michigan State katika mashindano ya taifa kwa tofauti ya pointi moja. Mwezi Juni timu ya New Orleans ikamchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya wote wa NBA.

Wale wanaotaka majeruhi wacheze hushika kisa hiki kama ngao. Mmeona? Alirudi, na hakuna kilichoharibika. Lakini mtu aliyevuka barabara kuu akiwa amefumba macho, akafika ng'ambo salama, hajathibitisha kwamba kuvuka namna ile ni busara. Amethibitisha tu kwamba siku ile gari halikupita.

Wasimulizi wa kisa hiki pia hukikatisha mapema. Mwezi Oktoba mwaka uleule, Zion alifanyiwa upasuaji wa gegedu la goti lilelile la kulia, kabla hajacheza mechi hata moja ya msimu wake wa kwanza wa NBA. Sidai kwamba upasuaji ule ulisababishwa na ajali ya Februari. Si kazi yangu kumtibu mtu kwa kalamu. Ninachotaka mkione ni tofauti ya hali yake. Oktoba alikuwa mwajiriwa mwenye mkataba, na kukaa kwake nje kuliitwa matibabu. Februari alikuwa mwanafunzi asiye na mshahara, na watu walikuwa tayari kukuita kukaa kwake nje usaliti. Goti ni lile lile. Kilichobadilika ni karatasi.

Sasa nieleze kisa cha aliyevuka barabara gari likiwa linapita. Hank Gathers alichezea Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, California. Katika msimu wa 1988–89 aliongoza vyuo vyote vya daraja la juu la Marekani kwa pointi na kwa mipira iliyodakwa chini ya kikapu, jambo ambalo ni wachache mno waliowahi kulifanya. Tarehe 9 Desemba 1989 alizimia uwanjani. Madaktari waligundua kwamba moyo wake ulipiga bila mpangilio, wakampa dawa. Dawa ile ilimlegeza, naye akalalamika kwamba inaua mchezo wake. Dozi ikapunguzwa. Tarehe 4 Machi 1990, mbele ya umati, akaanguka tena, na safari hiyo hakuamka. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Nani alimlazimisha Gathers kucheza? Hakuna. Alitaka mwenyewe, na hapo ndipo hoja inayopendwa sana na wanafunzi wangu inapovunjika. "Ni mtu mzima, mwacheni aamue." Nami ni muumini wa uhuru wa mtu juu ya mwili wake, tena muumini mkali. Lakini uamuzi huru una masharti yake. Mwenye kuamua sharti ajue ukweli wote wa hali yake. Anayempa ukweli huo asiwe mtu anayefaidika akicheza. Na akisema "hapana", jibu hilo lisimgharimu chakula, karo wala heshima. Ondoa moja kati ya hayo, na kinachobaki ni shinikizo lililovishwa joho la hiari. Kijana wa miaka 20 anayejua kwamba skauti wa NBA yumo jukwaani, kwamba familia nzima imeweka matumaini katika miguu yake, na kwamba nafasi yake ina watu kumi wanaoingojea, atasema "niko fiti" hata akiwa amelala kwenye machela.

Hebu tuitazame karo hiyo. Kuanzia 1973, ufadhili wa wanamichezo wa vyuo vya Marekani ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ni hadi mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka arobaini, mchezaji aliyeumia Februari alikuwa na sababu ya kuogopa barua ya Julai. Katika hali hiyo, kocha hakuhitaji kumwambia mtu "cheza". Ilitosha kumwuliza, "Unajisikiaje leo?"

Na iwapo mtu alidhani kwamba mfumo huu ulikosea kwa bahati mbaya, historia inamsahihisha. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, alifariki baada ya kuumia kichwa mchezoni. Mjane wake alidai fidia ya kifo cha kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia, kwa maelezo kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya futiboli. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipoeneza jina "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kuanzia 1951 hadi 1987, alikiri baadaye katika kitabu chake kwamba jina hilo lilibuniwa kwa hofu ya wachezaji kutambuliwa kisheria kuwa waajiriwa. Lilifanya kazi iliyokusudiwa. Kent Waldrep alipooza mwaka 1974 akiichezea timu ya chuo cha TCU, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Texas iliamua kwamba hakuwa mfanyakazi, kwa hiyo hakustahili fidia.

Wakati huohuo biashara iliyokanushwa mahakamani ilikuwa ikitiwa saini kwingine. Mwaka 2010 haki za kutangaza mashindano ya taifa ya kikapu ya wanaume ziliuzwa kwa CBS na Turner kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2016 mkataba huo ukaongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Kwa hiyo siku ya mapato mchezo ni biashara, na siku ya jeraha ni elimu.

Ndiyo maana neno "uaminifu" linanikera katika mjadala huu. Uaminifu ni deni la pande mbili. Kocha akipata ofa nono chuo kingine huondoka, na tunampongeza kwa kupanda cheo. Chuo kikipata mdhamini bora humwacha wa zamani, na tunasema ni uongozi makini. Mwenye goti lililoteguka ndiye pekee anayetakiwa kuwa mwaminifu hadi gegedu liishe. Hata kule NBA kwenyewe, kanuni iliyowekwa katika makubaliano ya mwaka 2005 inamzuia kijana kuingia kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19 na kabla ya kupita mwaka mmoja tangu wenzake wa rika lake wamalize sekondari. Zion hakuwa na ruhusa ya kuuza kipaji chake alipomaliza sekondari. Walimfungia mlango wa soko, kisha wakamlaumu kwa kuutazama mlango huo.

Nitaambiwa kwamba haya ni ya zamani. Ni kweli kuna mabadiliko. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Nayapongeza. Lakini fedha hizo hazimwondolei majeruhi shinikizo, zaweza kulizidisha. Jana aliambiwa "cheza, tumekusomesha." Leo ataambiwa "cheza, tumekulipa." Malipo hununua jasho la mchezaji mzima. Hayanunui haki ya kumtumia akiwa amevunjika.

Na msidhani ninazungumzia Marekani ili kukwepa ya kwetu. Vijana wetu huenda huko. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA nzima. Nyuma yake wapo wengi wanaoota njia hiyohiyo, na ni wajibu wetu kuwaambia jinsi njia ilivyo, pamoja na mashimo yake.

Lakini kuna sababu ya karibu zaidi, nayo sijawahi kuiandika. Miaka kumi iliyopita, katika mashindano ya vyuo vyetu, mmoja wa wanafunzi wangu alicheza fainali ya kikapu akiwa amefungwa bandeji kuanzia pajani hadi chini ya goti. Asubuhi ile alikuwa amekuja ofisini kwangu kuomba nimwongezee siku za kuwasilisha insha. Nilimwona akichechemea. Nilimwuliza kama atacheza, akasema, "Mwalimu, wakinikosa leo tumekwisha." Nikacheka, nikampa siku tatu. Jioni nilikuwa jukwaani. Alipoanguka mara ya kwanza akainuka, uwanja mzima ulisimama kumshangilia, nami nilisimama. Alipoanguka mara ya pili alibebwa. Tulishinda kombe. Chuo kililipa gari la kumpeleka hospitali, na baada ya hapo gharama zikawa za mama yake, muuza samaki. Leo ni mtumishi wa umma, ana watoto wawili, na hawezi kupanda ngazi za ofisi yake bila kushika ukuta. Kombe liko kwenye kabati la kioo katika korido ninayopita kila siku.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuliopiga makofi siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu yetu.

Kwa hiyo jibu langu kwa darasa ni hili: mwanafunzi aliyeumia asicheze mpaka daktari asiyefaidika na ushindi aseme yuko tayari, na akishasema hivyo, mwanafunzi mwenyewe bado awe na haki ya kukataa bila kuulizwa mara ya pili. Kwa wale kati yenu mlio maofisini, mnaoandika miongozo na kupitisha bajeti, natamka madai matatu. Kwanza, anayemruhusu majeruhi kurudi uwanjani awajibike kwa kitengo cha afya cha chuo, asiwajibike kwa kocha wala kwa idara ya michezo, na uamuzi wake usitenguliwe na yeyote. Pili, ufadhili, malazi na nafasi ya mtihani visiguswe kwa sababu ya jeraha. Tatu, chuo kinachopeleka mwanafunzi uwanjani kwa jina lake kilipie jeraha lake hadi lipone, hata kama atakuwa amekwisha kuhitimu. Mfanyakazi wa Tanzania akiumia kazini anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwanafunzi anayevunjika akiwa amevaa nembo ya chuo naye awe na mlango wa kubisha.

Na kwa kijana wangu aliyesema asiyekubali kuumia asivae jezi: nakuheshimu, na najua ulisema kwa moyo. Ukitoka semina kesho, pita kwenye korido ile. Litazame kombe. Kisha uniambie ungelipia kiasi gani, kwa goti la nani.