Pambo la Gari na Msumeno

Mpwa wangu amelipamba gari lake la mbio, Subaru Impreza: bampa la fibaglasi mbele, vibao ubavuni, bawa nyuma. Sasa wenziwe wa barazani wamshauri akate springi, ati gari lililopambwa likaachwa juu ni mfano wa bwana harusi mwenye kanzu fupi. Sisi tuliopitia chuoni twajua kanzu haifai kuburura.

Wasichokiona ni kwamba pambo lenyewe limeshalishusha gari. Mdomo wa bampa hili waning'inia chini kuliko ule wa kiwandani, nao ndio utakaolikuta tuta kwanza. Bati hupinda likanyoshwa, fibaglasi hupasuka. Basi na apime kutoka ardhini hadi mdomoni, springi aziache. Zikikatwa, tairi hupanda likasugua madigadi.

Na Ndia Kuu ilipimiwa miguu na mikokoteni. Mwenye gari linaloburura hulikwepa tuta kwa kupinda pembeni, na pembeni kwetu ni barazani: wazee wamekaa, watoto wacheza.

Jana alikuja kuniomba fedha za fundi. Za kulikaza bampa nimempa. Za msumeno sina.