Familia ya Mfungwa Nayo Yahitaji Mtaalamu

Katika vijiji vya pwani baina ya Bagamoyo na Saadani, mtoto akiuliza aliko baba yake akaambiwa "yuko dago", hana sababu ya kutia shaka. Wavuvi hupiga kambi za dago mbali na kwao, majuma au miezi, wakifuata samaki na pepo. Kwa hiyo baba akifungwa, jamaa huazima jibu lilo hilo. Walakini kusi hupita, kaskazi hupita, na wavuvi wengine wamekwisha rudi. Hatimaye mtoto huupata ukweli kwa mwenzake, tena shuleni, tena kwa kejeli.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilistaajabu kuona kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Joseph Murray na David Farrington walichapisha uchunguzi juu ya wavulana 411 wa London ya kusini, ambao maisha yao yalikuwa yakifuatiliwa tangu mwaka 1961. Wale ambao mzazi wao alifungwa kabla hawajatimiza miaka 10 walielekea zaidi kwenye uhalifu, hata kuliko wale waliotengana na mzazi kwa kifo au maradhi. Mwanafunzi mwangalifu atauliza mara moja: walikuwa wangapi? Walikuwa 23 tu. Tena, je, si mwenendo wa mzazi ndio unaomharibu mtoto, gereza liwepo lisiwepo? Swali hilo lilichunguzwa katika utafiti wa mwaka 2007, uliowahusu watoto wa Stockholm waliozaliwa mwaka 1953. Huko, makosa ya mzazi yalipokwisha kutiwa hesabuni, athari ya kifungo chenyewe haikuonekana tena. Watafiti walikisia kwamba huenda sababu ni vifungo vifupi na huduma bora za ustawi nchini Uswidi. Makisio si uthibitisho; ila yananitosha kuamini kwamba madhara haya si majaliwa.

Sasa huku kwetu kazi hiyo aifanye nani? Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Askari wa Magereza nao wana vyuo vyao, Kiwira na Ukonga. Naona yafaa vyuo hivyo vifundishe sehemu ya somo hili kwa pamoja, ofisa ustawi na askari wakae dawati moja. Katika stendi ya Bagamoyo niliwahi kumkuta mama mmoja mkulima wa mwani, mtoto mgongoni, akirudi kutoka gereza fulani bila kumwona mumewe. Alikuwa amefika siku isiyo ya kutazama wafungwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza siku yenyewe, na nauli ilikuwa ndiyo fedha yote ya mavuno yake. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo. Lakini hata gereza la karibu huwa mbali kwa mtu asiyejua siku ya kwenda. Kumweleza hakukuhitaji fedha, kulihitaji mtu aliyefundishwa kwamba kufanya hivyo ni sehemu ya kazi yake.

Wapo wasemao: na aliyeibiwa je, nani amfutaye machozi? Swali hilo ni la haki, na aliyedhulumiwa astahili mtaalamu wake. Lakini mtoto huyu hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Ndugu mwalimu, usidhani nakutwika mzigo wa ofisa ustawi. Wala siungi mkono shauri la kuandikisha majina ya watoto wa wafungwa shuleni, maana daftari la namna hiyo halikai siri hata muhula mmoja. Nakuomba machache: usimwulize mwanafunzi mbele ya darasa baba yake yuko wapi, na akikosa siku moja kwa kwenda kumtazama mzazi, mpe somo lililompita, kisha umwache akae.