Usizidishe Kabla ya Kuuliza Alama

Nimepotea kidogo, kazi ilinibana. Leo siongei juu ya simu mpya wala Linux. Naongea juu ya hesabu ya shule ya upili, kwa sababu ndiyo iliyonikesha wiki iliyopita.

Jaribu hii: 6/x > 2. Wengi wetu tutazidisha pande zote mbili kwa x, tupate 6 > 2x, kisha x < 3. Tumemaliza!

Haya, weka x = -1. Upande wa kushoto unakuwa -6. Je, -6 ni kubwa kuliko 2? La hasha. Na bado -1 ni ndogo kuliko 3. Jibu letu ni bovu.

Tulizidisha kwa x bila kujua kama ni chanya au hasi. Shuleni tulikaririshwa kwamba ukizidisha kwa nambari hasi, alama inageuka. Sawa. Lakini ufanye nini usipojua? Hapo ndipo walimu wengi hupita mbio.

Dawa ni kufuata njia zote mbili. Ikiwa x ni chanya, tunapata x < 3, yaani x iko kati ya 0 na 3. Ikiwa x ni hasi, alama inageuka na tunapata x > 3, jambo lisilowezekana kwa nambari hasi. Jibu ni 0 < x < 3, basi.

Utauliza, hii inahusu kompyuta vipi? Sikiliza.

Kuna programu niliyoandika kwa Java ya kupanga akaunti za wanachama, kuanzia salio kubwa hadi dogo. Salio lilihifadhiwa kwa senti, katika nambari kamili ya biti 32. Kulinganisha a na b, nilitumia ujanja wa zamani: toa b kutoka a, ukipata chanya, a ni kubwa. Kwenye karatasi ni kweli tupu. Nilijaribu kwa salio chanya, ikafanya kazi miezi mingi.

Kisha likaingia deni kubwa. Akaunti moja ilikuwa na shilingi 15,000,000, nyingine -8,000,000. Tofauti ni senti 2,300,000,000, ilhali biti 32 hukomea 2,147,483,647. Nambari ikafurika, ikawa -1,994,967,296. Programu ikaapa kwamba mdaiwa ana pesa kuliko tajiri!

Salio zote zikiwa chanya, au zote hasi, kutoa hakuwezi kufurika. Hatari huja alama zikitofautiana. Nami sikuwa nimeuliza.

Tiba ilikuwa mstari mmoja: linganisha a > b moja kwa moja, bila kutoa. Java yenyewe ina Integer.compare tangu toleo la 7 la mwaka 2011. Sina kisingizio.

Kwa hivyo nasema hivi: tuache kuwafundisha watoto "geuza alama" kama wimbo. Tuwafundishe swali linalotangulia: je, naijua alama ya hiki kitu? Mwanafunzi asiyeuliza hupoteza maksi mbili. Akikua akawa mwandishi wa programu kama mimi, anayepotezewa ni mtu mwingine, na zinazopotea ni pesa.

Nenda kaangalie kodi yako usiku huu. Tafuta a - b. Tukutane tena.