Kirumba: Mwenye neno tofauti aachwe amalize

Mkutano ukishapiga makofi, anayesema tofauti huambiwa akae chini. Kirumba, kama kwingine katika Lubero, kata au kikundi cha wakulima kinaweza kukata neno kwa dakika chache na kujuta miezi mingi. Beni na Butembo wanajua gharama yake.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi uliofuata, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa miji hiyo miwili: karibu mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa hauko. Uchaguzi ulipoahirishwa huko Desemba, mashaka yakazidi. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aliyesema Ebola ni ya kweli alidhaniwa amekula pesa.

Kati ya waliosaidia kugeuza mawazo walikuwamo waliopona. Walikuwa wachache. Walirudi kwao, wakasema Kinande na Kiswahili, wakahudumia wagonjwa na kulea watoto ambao mama zao walikuwa kituoni. Neno lao halikubadilika, na jirani alijionea kwamba mtu aliyeingia kituoni ametoka akiwa mzima. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3.470.

Mwaka 1969, mtaalamu wa Ufaransa Serge Moscovici na wenzake walionyesha vikundi vya watu sita picha za rangi ya bluu. Wawili, waliopangwa mapema, walisema ni kijani. Waliposhikilia neno hilo kila mara, majibu 8 hivi kwa 100 ya wale wengine yakawa kijani. Walipoyumba, yalibaki 1 hivi tu.

Lakini wawili hao walikuwa wanadanganya! Kumbe kutoyumba kunavuta watu, hata kwenye uongo. Waliosambaza uvumi wa Ebola nao hawakuyumba.

Kwa hiyo, haitoshi mkutano kumwachia mpinzani nafasi ya kusema. Mwenye kiti amwache amalize, kisha amuulize: umeona nini wewe mwenyewe? Na wengi nao waulizwe vilevile. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Lakini jicho moja linaweza kumwona kabla ya mengine.