Puli Zilinganishwe Kabla ya Kununua Mkanda

Alfajiri ya mvua mjini Kapkatet, malori ya majani chai yanapowashwa ili yashuke vituoni, husikika katika baadhi yao mlio mwembamba wa mkanda unaoteleza juu ya puli, na watu wameuzoea hata wanauhesabu kuwa ni desturi ya gari kuukuu. Mimi siukubali udhuru huo. Aghalabu mlio ule ni ushahidi kwamba altaneta ilifungwa juu ya braketi mpya pasipo puli yake kulinganishwa na puli ya krenki, na kwamba mwenye gari, aliyeona ghali kulipia saa moja ya kupima, atanunua mkanda wa pili na wa tatu.

Asili ya jambo hili ni dhahiri. Altaneta ya gari ikifa, hununuliwa kuukuu iliyotoka katika gari la namna nyingine, na kwa kuwa masikio yake hayaingii mahali pa ile ya kwanza, hukatwa kipande cha chuma, kikatobolewa na kuchomelewa kiwe braketi. Sina lawama juu ya kazi hiyo, kwani lau si mafundi wa jua kali magari mengi ya wilaya hizi za chai yangekuwa yamelala. Walakini chuma kilichoshika imara si lazima kiwe kimeshika mahali pake.

Nilisimama siku moja kando ya fundi aliyeijua tofauti hiyo. Aliegemeza rula ya chuma juu ya nyuso za puli mbili, nayo ikakaa sawasawa, nami nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ukingo wa puli moja ulikuwa mnene kuliko wa mwenzake, na alipopima kutoka kwenye rula hadi katikati ya kila mfereji akakuta mifereji imepishana milimita 4. Akaibandika braketi kwa nukta mbili tu za moto, akaisogeza, akapima tena, ndipo akaichomelea yote. Kisha akangoja ipoe yenyewe, maana chuma kikipoa hujikunja na kuvuta. Na kweli, ilipopoa alikuta sikio la altaneta limeinama kidogo, akalisahihisha kwa washa moja.

Washa moja ni kitu kidogo machoni, lakini katika hesabu ya mkanda wa umbo la V, ambao kwa kawaida hauvumilii upotofu uzidio nusu digrii, puli zilizoachana sentimita 30 hazina ruhusa ya kupishana zaidi ya milimita 2.6 hivi. Altaneta huzunguka mara mbili au tatu kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, hivyo injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, mkanda uliokaa upande husuguliwa ubavu mmoja pasipo kupumzika, ukamwaga unga mweusi wa mpira, na beringi za altaneta zikaharibika kabla ya wakati wao.

Na hasara haikomei kwa mwenye gari. Katika malori mengi ya zamani mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji na feni, hata ukikatika katikati ya mlima wakati wa magharibi, injini huchemka na taa hubaki kwa rehema ya betri. Majani mabichi yaliyoshindiliwa hupata joto, yakaanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, na mkulima aliyeyachuma tangu asubuhi hukosa thamani ya jasho lake kwa taksiri ya milimita chache asizoziona.

Kwa hiyo nataka wenye malori, na kila mtu apelekaye gari kwa fundi, wamwombe awaonyeshe rula juu ya puli kabla mkanda haujavishwa, na wamlipe ujira wa kupima kama wanavyomlipa ujira wa kuchomelea. Vyuo vya ufundi navyo, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani inayowatahini mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, ningependa vimpe mtahiniwa braketi iliyopinda na rula, vimwachie muda wa kutosha, na vimwangalie kama ataanza kwa kupima au kwa kukaza bolti.